Tusihamie mfumo mwingine wa kompyuta kabla ya kufunga nao hesabu za mwezi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wenzangu ambao riziki yao inapita kwenye kompyuta, hasa watunza hesabu, makatibu wa vyama vya ushirika na wenye ofisi ndogo za Moshi na Arusha. Tangu Oktoba 14, 2025, siku ambayo Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, mashine nyingi tulizozinunua zikiwa zimekwisha kutumika ughaibuni zimebaki bila kinga, na wenye nazo wanaambiwa wanunue nyingine. Mtu akishaona kwamba fedha itamtoka kwa vyovyote, huanza kujiuliza kama asihame kabisa, aiache Windows aende Mac za Apple, au aende Linux, mfumo unaopatikana bure. Swali hilo nimeulizwa na wenzangu mara nyingi kuliko swali lolote la kodi, na mimi mwenyewe nimelala nalo miezi miwili kabla ya kutoa fedha yangu.

Naomba niseme mapema ninachoamini. Asihame mtu yeyote kabla hajafunga hesabu za mwezi mzima, kuanzia stakabadhi ya kwanza hadi ritani ya mwisho, kwa kutumia mfumo anaotaka kuhamia. Kwa asiye mtunza hesabu, mwezi huo ni mzunguko mzima wa kazi yake: mchora ramani aichore moja, aichapishe na kuikabidhi kwa mteja, mwalimu autunge mtihani, ausahihishe na kuyatoa matokeo. Kujaribu mashine dukani kwa dakika kumi, ukafungua picha na kusikiliza muziki, hakumwambii mtu lolote kuhusu kazi yake.

Mimi hutunza hesabu za vyama vitatu vya msingi vya wakulima wa kahawa huku milimani, duka moja la vifaa vya ujenzi hapa mjini Moshi, na kampuni ndogo ya utalii ya kaka yangu iliyoko Arusha. Kompyuta mpakato niliyokuwa nayo ni ThinkPad yenye kichakataji, yaani chipu kuu ya mashine, cha kizazi cha saba cha Intel, na kosa lake ni hilo tu, kwa sababu Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inadai kifaa cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0 na, ukiacha vichakataji vichache, kizazi cha nane kwenda juu. Anayenunua mashine iliyotumika anaweza kukitambua kizazi bila kumuuliza muuzaji, kwa kutazama tarakimu inayofuata kistari katika jina la kichakataji (kuanzia kizazi cha kumi hutazamwa tarakimu mbili): i5-7300U ni cha saba, i5-8350U ni cha nane. Mashine mbili zinazofanana sura, rangi na hata bei zinaweza kutofautiana kwa tarakimu hiyo moja, na ndiyo inayoamua kama utaendelea kupata masasisho au la. Microsoft ilifungua njia ya kujiandikisha ili kupata mwaka mmoja zaidi wa masasisho ya Windows 10, nami niliitumia ili nisinunue kwa papara.

Wakati huo mtoto wa kaka yangu, kijana anayeshughulikia picha na video za kampuni ya baba yake, aliniambia, "Shangazi, chukua yangu ujaribu, utaniambia." Yake ni MacBook Air yenye chipu ya M1, ya kundi la Mac za kwanza zilizotoka Novemba 2020 Apple ilipoanza kuacha hatua kwa hatua kutumia vichakataji vya Intel. Nilikaa nayo wiki tatu, mwezi wa Novemba, kahawa ikiwa bado inapokelewa.

Sitaki kuidhulumu mashine ile, maana ilinifanyia kazi ambayo sijawahi kufanyiwa na kompyuta nyingine. Siku moja nilikuwa katika ofisi ya chama huko Kibosho, umeme ukakatika saa tatu asubuhi na ukarudi saa kumi jioni. Kwa mashine yangu ya zamani ningefunga begi kabla ya adhuhuri nikateremka mjini. Kwa ile nilifanya kazi mpaka umeme uliporudi, na betri ilikuwa bado haijafika nusu. Apple hutangaza hadi saa 15 za kuvinjari mtandao kwa chaji moja, na nilichokiona siku ile hakikuwa mbali na tangazo. Kisha haina feni. Anayefahamu vumbi la barabara zetu wakati wa kiangazi, na aliyewahi kumwona fundi akitoa donge la vumbi kwenye feni ya kompyuta mpakato, ataelewa kwa nini jambo hilo lilinigusa. Kama ningeamua wiki ile ya kwanza, ningekuwa nimehama.

Ulipofika mwisho wa mwezi mambo yakageuka. Wateja wangu wawili hutunza hesabu zao kwa TallyPrime, programu iliyotengenezwa India ambayo husakinishwa kwenye Windows tu. Njia za kuzunguka zipo, na nilizitafuta kwa bidii. Mac za zamani za Intel ziliweza kugawanywa diski na kuwekewa Windows kwa Boot Camp, lakini Mac zenye chipu za Apple hazina nafasi hiyo. Kinachobaki ni programu kama Parallels, ambayo huendesha ndani ya Mac Windows 11 iliyotengenezwa kwa vichakataji vya aina ya ARM, kundi la chipu hizo za Apple, na Microsoft iliidhinisha utaratibu huo rasmi Februari 2023. Kwa msaada wa kijana nilifanya hivyo na Tally ikafunguka. Lakini Mac ile ina RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 8, na RAM hiyo imeungwa ndani kwa namna ambayo haiongezeki. Ukiigawia Windows nusu, mifumo yote miwili inabaki kuvutana. Na leseni ya Parallels inalipiwa, ya Windows inalipiwa, hivyo mtu aliyehama ili aachane na Windows anajikuta analipia Windows na anayoihamia.

Kilichonishinda kabisa ni printa. Vyama vyangu bado huchapa stakabadhi za mkulima kwa printa ya zamani ya utepe, ile inayogonga karatasi kwa sindano, kwa sababu karatasi zake ni za nakala tatu na kila nakala ina mwenyewe: ya mkulima, ya chama na ya mhasibu. Printa za wino na za leza haziwezi kugonga nakala tatu kwa pigo moja. Draiva ya printa hiyo, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuiendesha, iliandikwa kwa vichakataji vya Intel, na wakati Windows ya ARM huweza kuzitafsiri programu za kawaida zilizoandikiwa Intel, draiva haitafsiri; ni lazima iandikwe upya na mtengenezaji, na mtengenezaji hana sababu ya kuiandikia upya printa aliyoacha kuiuza zamani. Jioni ile nilihamishia faili kwenye kompyuta ya katibu ili zichapwe huko. Katibu, mzee mwenye subira, aliniuliza kwa upole, "Sasa mama, hii mpya itatusaidia nini kama kazi inaishia kwenye ya zamani?" Sikuwa na jibu.

Yapo na mengine ambayo yanaonekana madogo mpaka uyafanye mara mia nne. Mac haina kibodi ya namba upande wa kulia. Mimi huingiza kilo za kahawa ya kila mkulima kwa mkono wa kulia bila kutazama, macho yakiwa kwenye stakabadhi: namba ya mkulima, kilo, bei, chini. Kwenye Mac niliyaweka macho kwenye kibodi, nikayarudisha kwenye karatasi, nikayapeleka tena kwenye kibodi, na kazi ya saa mbili ikala saa tano. Kibodi ya namba ya kuchomeka pembeni inapatikana madukani, lakini Mac hiyo ina matundu mawili tu, yote ya USB-C, kwa hiyo kwanza ununue kifaa cha kugawanya matundu. Diski yangu ya nje, ninayohifadhia nakala za akiba za miaka tisa, ilisomeka lakini ikakataa kuandikwa, kwa sababu imeandaliwa kwa mpangilio wa NTFS wa Windows ambao Mac huusoma tu. Dawa yake ni kuiandaa upya kwa exFAT, mpangilio unaokubaliwa pande zote mbili, ila kabla ya hapo utafute pa kuyaweka yote yaliyomo.

Halafu jedwali. Taasisi moja inayovikopesha pembejeo vyama vya wakulima hututumia kila mwezi jedwali la Excel ambalo lazima lijazwe na kurudishwa. Ndani yake kuna vitufe: ukibonyeza kimoja linahakiki jumla, ukibonyeza kingine linatengeneza faili ya kutuma. Excel ya Mac ni Excel halisi ya Microsoft, imelipiwa, ni ya karibuni, na jedwali lilifunguka vizuri lenye rangi zake zote. Vitufe havikuitika. Vimetengenezwa kwa teknolojia ya ActiveX, ambayo Excel ya Mac haina wala haikuwahi kuwa nayo. Nilipiga simu kuuliza, nikaambiwa nitumie "kompyuta ya kawaida".

Neno hilo limenikaa moyoni, nami nitalirudia chini. Kwanza niwatendee haki waendesha mifumo ya umma, kwa sababu hapo nilipotarajia shida ndipo sikuiona. PAYE na SDL, yaani kodi ya mishahara na tozo ya kuendeleza ujuzi, hutakiwa kufika TRA, mamlaka ya mapato, si zaidi ya tarehe 7 ya mwezi unaofuata, na ritani ya VAT si zaidi ya tarehe 20. Zote hujazwa mtandaoni, na kwenye Mac zilikwenda kama zinavyokwenda kwenye Windows. Zabuni za umma katika mfumo wa NeST, usajili wa biashara kwa BRELA, na mfumo wa MUVU wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika, vyote hufunguliwa kwa kivinjari, na kivinjari hakijali kilichoko chini yake. Kwa mtu ambaye kazi yake yote iko kwenye kivinjari na barua pepe, kuhama leo ni kazi ya wikiendi moja. Kinachotufunga wengi wetu ni programu ya hesabu aliyoichagua mteja, printa aliyonayo mteja, na faili anayotutumia mtu wa tatu.

Nizungumze pia juu ya soko, maana wengi wetu hatununui mashine mpya. Anayetafuta Mac iliyotumika mjini Arusha ataonyeshwa nyingi za Intel kwa bei inayovutia, za mwaka 2015 hadi 2019. Naomba msomaji asivutwe na bei hiyo. Toleo la macOS, mfumo unaoendesha Mac, liitwalo Tahoe, lililotoka Septemba 2025, ndilo la mwisho kukubali Mac za Intel, na hata hilo hukubali chache tu za mwishomwisho. Hakuna MacBook Air ya Intel hata moja iliyomo. Nyingi za kati ya 2016 na 2019 zina kibodi ya aina ya kipepeo, ambayo Apple yenyewe ililazimika kuanzisha mpango wa kuitengeneza bure kwa sababu punje ya vumbi iliweza kukwamisha kitufe. Mtu anayekimbia Windows 10 kwa sababu imekosa masasisho, akanunua mashine hizi, amehama chumba ndani ya nyumba ileile.

Lingine lilimpata kijana wetu kabla hajapata hiyo aliyoniazima. Alinunua Mac safi kabisa katika duka ambalo sitalitaja, akaitumia wiki tatu, na siku alipoifuta ili aanze upya, skrini ikaonyesha kwamba mashine hiyo inasimamiwa na kampuni fulani ya Ulaya na kumtaka aingie kwa jina na nenosiri la mfanyakazi wa kampuni hiyo. Aliyeileta hakuitoa kwenye orodha ya mwenyewe wa kwanza, au hakuwa na haki ya kuiuza. Hatukujua, na dukani walisema alipoichukua ilikuwa inafanya kazi. Tangu hapo namwambia kila anayeniuliza: ifutwe mbele yako, iunganishwe na intaneti mbele yako, ifike kwenye skrini ya kazi mbele yako, ndipo utoe fedha. Windows zilizotoka kwenye makampuni nazo huweza kufungwa hivyo hivyo, au kuwa na nenosiri la BIOS, programu ya msingi inayoiwasha mashine, ambalo hakuna mtaani anayelijua.

Fundi wangu, kijana mwenye meza yake karibu na stendi ya Moshi, ndiye aliyenisaidia kuona tofauti iliyobaki. Aliifungua ThinkPad yangu kwa bisibisi moja, akanionyesha RAM, diski, betri na feni, kila kimoja kinatoka na kurudi, na vyote anavyo kwenye droo au anaweza kuviagiza Arusha vikafika kwa basi la jioni. Kuhusu Mac ya M1 aliniambia, "Mama, hii ikimwagikiwa chai, data yako imekwenda nayo, maana diski siwezi kuitoa." Hakuwa anaisema vibaya, naye angependa kuwa nayo. Alikuwa ananieleza umbali uliopo kati ya meza yake na anayeweza kuitengeneza.

Kwa Linux nina machache ya kusema, na yote ni mema. Tuna historia nayo: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili, na jina la Ubuntu, mfumo maarufu wa Linux ulioanza mwaka huohuo, ni utu wetu uleule kwa lugha za kusini mwa Afrika. ThinkPad yangu ya kizazi cha saba, iliyokataliwa na Windows 11, sasa inaendesha Linux Mint, inapata masasisho, na msaidizi wangu anaandikia barua na kujazia mifumo ya umma kwayo. Tally haimo, nasi hatukuitarajia. Nawasihi wenye mashine za namna hiyo wasizitupe kabla ya kujaribu njia hii.

Baada ya yote nilinunua ThinkPad T580 iliyotumika, ya kizazi cha nane, yenye kibodi ya namba, RAM inayoongezeka na betri ya pili inayochomolewa, kwa kiasi kisichofika nusu ya bei niliyotajiwa ya Mac ya M1. Betri yake haifiki jioni kama ile ya kijana, na jambo hilo bado linaniuma kila umeme unapokatika. Kaka yangu, kwa ushauri wangu mimi mwenyewe, aliwanunulia Mac watu wawili wa ofisini kwake Arusha, kwa kuwa kazi yao ni picha za wageni, video, barua pepe na ratiba za safari zinazofunguliwa kwa kivinjari. Wao walifunga mwezi wao kwa mashine ya kuazima bila kukwama mahali hata pamoja. Watu wa ukoo mmoja, tumeamua tofauti, na wote tumeamua vizuri.

Sasa nirudi kwenye ile "kompyuta ya kawaida". Taasisi inapotengeneza fomu ambayo lazima ijazwe, inakuwa imemchagulia kila mjazaji aina ya kompyuta atakayonunua, na imefanya hivyo bila kumwambia wala kumchangia. Katibu wa chama cha wakulima ambaye amepewa Mac na mwanawe, au shule iliyopewa kompyuta za Linux na wafadhili, hawezi kurudisha jedwali la mkopo wa mbolea kwa sababu ya vitufe vitatu ambavyo kazi yake ingeweza kufanywa na kanuni za kawaida za Excel, zinazokubalika kwenye Mac na hata kwenye LibreOffice, programu za ofisi za bure zinazotumika kwenye Linux. Nimekaa jioni mbili nikalitengeneza upya jedwali lile bila ActiveX. Jumla zinahakikiwa, makosa yanaonyeshwa kwa rangi nyekundu, na linafunguka kwenye mashine zote tatu nilizonazo mezani. Vyama vyangu vitatu vimeliambatisha kwenye barua ya pamoja kwenda kwa taasisi husika, kuomba lipokelewe badala ya la zamani kabla ya msimu ujao wa kahawa kuanza mwezi Julai. Kama wapo wasomaji wako wanaotumiwa majedwali ya namna hiyo na taasisi nyingine, nawaomba nao wayataje kwa barua kwa wanaoyatuma, na wakihitaji kuona jinsi letu lilivyotengenezwa, niko tayari kuliacha kwako Mhariri ili walipate.

Mtunza hesabu,
Moshi